Swali la Tatu la Mama Bisibisi

Gereji ya Mama Bisibisi ilikuwa na vitu viwili ambavyo gereji nyingine za mtaa huo hazikuwa navyo: benchi la kukalia na utaratibu wa kuhojiwa. Benchi lenyewe lilikuwa kiti cha nyuma cha basi lililokufa zamani, sponji imetokeza upande mmoja, na kila mteja, awe mkurugenzi au muuza mitumba, alikalishwa pale kwanza, akapewa maji ya kunywa, ndipo akaulizwa. Mama Bisibisi hakugusa boneti kabla ya hapo. "Gari halisemi," alikuwa akiwaambia wenye haraka zao, "lakini mwenye gari anasema, ukimpa nafasi."

Maswali yalikuwa matatu. La kwanza, mara ya mwisho liliwaka lini, na liliwaka vipi? La pili, kati ya hapo na sasa, nani ameligusa? Hayo hata fundi wa juzi angeyauliza. La tatu ndilo lililompa sifa kuliko hata ile bisibisi ndefu iliyompatia jina, ambayo aliisimika kwenye injini na kuweka sikio kwenye mpini wake ili asikilize kilichomo ndani. Mama Bisibisi aliinama kidogo, akashusha sauti, akauliza, "Na kipi unachoona aibu kuniambia?"

Hapo watu wazima waliangalia viatu vyao. Karani mmoja alikiri kwamba ufunguo ulifuliwa pamoja na suruali, tena mara mbili. Mwongoza kwaya alikiri kwamba geji yake ya mafuta ilikufa tangu mwaka uliopita, na kwamba yeye hupima tangi kwa kulitikisa gari na kutega sikio. Dereva mmoja wa teksi, mtu wa miraba minne, alitokwa na machozi kabla hajasema kuwa alikuwa akimfundisha mchumba wake kuendesha. Mama Bisibisi hakumcheka mtu mbele yake. Alicheka baadaye, nyumbani, akimsimulia mumewe, mpaka wote wawili wakashika mbavu.

Mumewe alikuwa Mwalimu. Kila mtu alimwita hivyo, mkewe pia, ingawa alikuwa amestaafu na hesabu alizobaki nazo zilikuwa za mafumbo ya gazetini. Alikuwa mtu nadhifu wa kupindukia, wa kupiga pasi hata leso. Lakini katika nyumba ya fundi, yeye alikuwa hashiki spana. Miaka kumi na miwili nyuma alitaka kumsaidia mkewe, akamwaga maji ya rejeta kwenye tundu la oili, lita mbili nzima. Mkewe hasira zikampanda, akamwambia mbele ya wateja, "Mwalimu, wewe chaki inakutosha!" Watu wakaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akanawa mikono, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakugusa hata kofia ya tairi. Mama Bisibisi aliyasahau maneno hayo kabla ya chakula cha mchana.

Gari lao lilikuwa pikapu ya kijani iliyozidi umri wa ndoa nyingi za mtaani, nao walilibatiza Ajuza. Ajuza ndiye aliyembeba binti yao wa pekee alipotoka hospitali amezaliwa, ndiye aliyempeleka shule siku za mvua, na ndiye aliyemwaibisha mama yake siku ambayo mtaa mzima ulikuwa ukitazama.

Ilikuwa siku ya binti kuondoka kwenda kusoma ng'ambo, miaka sita iliyopita. Masanduku yamepakiwa, Mwalimu amevaa tai, majirani wamejipanga ukutani. Mama Bisibisi akazungusha ufunguo kwa madaha, na kukawa kimya. Hata taa moja haikumeremeta. Akafungua boneti, akakuta pengo mahali pa betri. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake miwili, alikuwa amemwazima mteja betri ile jana yake jioni, akasahau. Basi binti akapelekwa uwanja wa ndege na gari la kusambaza mikate, amebanwa katikati ya kreti, na picha aliyotuma alipofika ilimwonyesha ana unga mabegani. Mtaa uliicheka picha ile kwa miezi. Mama Bisibisi aliicheka nao, lakini ilimuuma. Kabla gari la mikate halijaondoka alikuwa ameshika dirisha lake na kusema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Siku utakayorudi, nitakuja kukuchukua na Ajuza huyu huyu. Weka akilini."

Binti aliweka akilini. Alimaliza masomo, akapata kazi huko huko, na kila Jumapili alipopiga simu hakukosa kusema, "Mama, niwashie Ajuza nimsikie." Mama alitoka na simu hadi bandani, akawasha, akaiweka simu juu ya boneti, na huko mbali binti alisikiliza dakika moja au mbili. Miezi ya karibuni simu hizo zilikuwa zimeongezeka. Ilikuwa Jumapili, ikawa na Jumatano, ikawa karibu kila siku. Mama aliona ni utani wa kukumbushana ahadi. Halafu ikaja habari yenyewe: anakuja likizo, wiki mbili. Mwalimu akazungushia siku kumi na nne kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu.

Jumamosi ya kumpokea, ndege ilikuwa itue saa nne asubuhi, na kutoka nyumbani hadi uwanja wa ndege ni dakika arobaini barabara ikiwa na huruma. Saa mbili na nusu Mama Bisibisi alitoka nje amevaa gauni la rangi ya machungwa ambalo halikuwahi kuona grisi. Mwalimu alikuwa bandani tayari, shati jeupe, viatu vinang'aa, tabasamu limemshinda kulificha.

"Usipande kwanza," alisema. "Fungua boneti."

Akafungua. Mama Bisibisi alisimama akaduwaa. Injini ya Ajuza, ambayo kwa miaka ilikuwa na rangi ya matope na oili iliyoganda, ilikuwa safi kabisa. Mabomba yamefutwa, kifuniko cha plagi kinang'aa, vyuma vyeusi ni vyeusi kweli.

"Umeiosha injini, Mwalimu?"

"Nimeisafisha," alisema Mwalimu. "Juzi na jana, ulipokuwa kazini. Mtoto asije akaona tumezeeka pamoja na gari."

Mama Bisibisi akampiga kofi la furaha mgongoni. Alitamani kumwambia kwamba injini haioshwi kwa maji mengi, ila uso wa mumewe ulikuwa na raha tele, akayameza. Akakusanya gauni, akapanda, akazungusha ufunguo.

Taa za dashibodi ziliwaka vizuri. Akazungusha zaidi. "Ta," ilisema starta, mara moja, kisha basi. Akarudia. "Ta."

Nyumba ya pili, dirisha likafunguliwa. Alikuwa mshonaji, jirani wa miaka mingi, mwanamke mwenye futi ya kupimia shingoni na maneno yasiyomwisha mdomoni. "Jirani!" aliita. "Leo tena umeazima betri?"

"Betri ipo!" alijibu Mama Bisibisi, na kuthibitisha akapiga honi. Honi ikalia hadi kuku wa jirani wakatawanyika.

Basi betri ilikuwa nzima. Taa za mbele nazo aliziwasha, akashuka akazitazama: hazikufifia hata kidogo. Umeme upo na wa kutosha, starta inauitikia kwa neno moja kisha inagoma. Kwa fundi wa miaka thelathini jibu lilikuja lenyewe, halikuhitaji kuitwa. Mwalimu ameosha injini, maji yameingia kwenye starta. Hakumuuliza chochote. Angemuuliza nini, naye anamjua mumewe kuliko anavyoijua mifuko yake mwenyewe?

Akavaa ovaroli juu ya gauni, akaingia kazini. Alifuta nyaya moja moja. Alifungua vichwa vya betri, akavisugua, akavirudisha. Mshonaji, ambaye sasa alikuwa amehamia bandani na futi yake shingoni, alileta mashine ya kukaushia nywele na waya mrefu wa umeme, na Mama Bisibisi akalala chini juu ya gunia akiikausha starta kama bibi harusi aliyetoka kuoshwa nywele. Akazungusha ufunguo. "Ta." Akachukua nyundo, akaigonga starta kwa adabu, kisha bila adabu. "Ta." Akasimika bisibisi ndefu, akaweka sikio, akamwomba mshonaji azungushe ufunguo. Ndani ya starta hakusikia kusaga wala kukwaruza, ilikuwa imenyamaza tu. Akarudi juu, akashika kila kitu kinachoshikika. Akashika waya mnene uliosukwa, ule unaounganisha injini na bodi ya gari, akautikisa. Umekaza barabara. Akaupita.

Saa tatu na dakika kumi.

"Tumsukume," alisema mshonaji. "Niite watu?"

"Nisukumishe gari leo? Nikifika kule likizima, binti yangu ashuke kwenye ndege aje asukume?"

"Basi teksi," alisema Mwalimu kwa sauti ndogo. "Mama, naweza kuita teksi. Atafurahi vile vile."

Mama Bisibisi alijua mumewe anasema kweli, binti angefurahi vile vile, angecheka, angemkumbatia, na jioni mtaa mzima ungekuwa na hadithi mpya ya kuunganisha na ile ya mikate. Lakini alikuwa ameahidi. Kila Jumapili kwa miaka sita alikuwa ameiwasha ahadi hiyo na kuiwekea simu juu yake. Fundi wa magari ya watu wote, gari lake haliwaki siku mbili tu katika maisha, na siku zenyewe ni zile zile mbili. Machozi yalimlenga. Akageuka ili mshonaji asiyaone, na katika kugeuka akamwona Mwalimu.

Mwalimu alikuwa akiangalia viatu vyake.

Alikuwa ameviangalia kwa muda, ilionekana. Mikono nyuma, kidevu kifuani, shati jeupe limeanza kushika jasho kwapani. Mama Bisibisi alikuwa ameuona mkao ule kwenye benchi lake mara zisizo na idadi, wala hakuwahi kukosea maana yake. Ila hakuwahi kuutazamia nyumbani kwake.

Akaweka nyundo chini. Akachukua ndoo tupu, akaipindua, akaifuta kwa kitambaa. Akaingia ndani, akarudi na glasi ya maji.

"Karibu, mteja," alisema. "Kaa."

"Mama, muda..."

"Kwangu mteja hakimbizwi. Kaa, kunywa maji."

Mwalimu akakaa juu ya ndoo. Mshonaji, aliyejua kinachofuata kwa kuwa na yeye aliwahi kukalia lile benchi kwa sababu ya pikipiki ya marehemu mumewe, akajifanya anatazama kuku.

"Mara ya mwisho liliwaka lini, na liliwaka vipi?"

"Jumatano jioni. Wewe mwenyewe ulimwashia binti. Liliwaka vizuri."

"Kati ya hapo na sasa, nani ameligusa?"

"Mimi."

Mama Bisibisi akainama, akashusha sauti. "Na kipi unachoona aibu kuniambia?"

Mwalimu akanywa maji yote, tone la mwisho.

"Sikusafisha tu," alisema. "Nilipaka na rangi."

"Rangi?"

"Nyeusi. Kopo dogo. Kulikuwa na kutu huku na huku, nikasema mtoto asione kutu. Sasa kuna waya mmoja, mnene, umesukwa kama nywele. Ncha zake zilikuwa mbaya kuliko vyote. Nikaufungua. Nilitumia spana yako, ile ya kumi na tatu, nikairudisha pale pale. Nikapaka ncha zote mbili, na pale kwenye chuma unapokaa nako nikapaka, tabaka mbili za rangi, nikaacha ikauke usiku mzima. Jana nikaurudisha. Nikaukaza sana, mama. Nilihakikisha."

"Na muda wote huu nalala chini nakausha starta, unaniangalia tu?"

"Nilidhani labda sicho chanzo. Nikaomba kisiwe."

"Lakini kwa nini hukuniambia?"

Mwalimu alizungusha glasi tupu mkononi. "Uliniambia chaki inanitosha."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayesoma tangazo lililobandikwa ukutani miaka mingi. Mama Bisibisi alilisikia neno lake mwenyewe likirudi, na uso ukamwaka moto. Alimkumbuka akinawa mikono siku ile, akicheka na watu waliokuwa wakimcheka. Miaka kumi na miwili mwanamume huyu alikuwa ameishi na magari mlangoni bila kuthubutu kukaza nati, na yeye, anayewauliza watu baki aibu zao kwa upole wote ule, hakuwahi kumgeuzia swali la tatu mtu anayelala naye chumba kimoja. Aliona haya kweli kweli.

"Lile neno lilikuwa baya," alisema. "Nilikukosea, Mwalimu. Nisamehe."

"Yameshapita hayo."

"Hayajapita, yamekaa hapo juu ya ndoo. Nisamehe."

"Nimesamehe," alisema Mwalimu. Kuku walikuwa wameshaondoka, lakini mshonaji aliendelea kuwatazama kwa bidii.

Ndipo Mama Bisibisi akaanza kucheka. Kicheko kilianza kifuani, kikapanda, mpaka akashika mlango wa gari. "Nimeutikisa!" alisema. "Nimeutikisa ule waya kwa mkono wangu! Umekaza kuliko ninavyokaza mimi! Njoo, njoo nikuonyeshe ulichofanya, ni kizuri sana."

Akamvuta hadi kwenye boneti. Akamwonyesha waya mwembamba unaotoka kwenye pedali ya mafuta kuja kwenye injini. "Weka vidole hapa. Jirani, panda uzungushe ufunguo, usiachie mpaka niseme." Mshonaji akapanda. "Ta," ilisema starta. Mwalimu alishika waya sekunde mbili, tatu, kisha akaondoa mkono haraka.

"Una moto!"

"Enhe. Umeme ukishatoka kwenye betri na kufanya kazi, lazima urudi nyumbani. Mlango wake mkubwa ni ule waya uliosukwa, chuma juu ya chuma. Wewe umeuwekea rangi katikati, na rangi haipitishi umeme. Sasa umekuta mlango umefungwa, unajipenyeza dirishani kwa huu waya wa mafuta. Kwa taa na honi haina neno, zenyewe zina njia yao. Lakini starta inakula umeme wa nguvu, haiwezi kupita dirishani."

Mwalimu aliutazama waya, akatazama rangi yake nyeusi, nzuri, isiyo na hata alama ya brashi. "Kwa hiyo nimepaka rangi mlango mpaka haufunguki," alisema.

"Umeupendezesha mno. Sasa vua shati."

Alijivua ovaroli, akamvalisha yeye. Iliishia katikati ya miundi yake, na mshonaji aliipima kwa macho akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaaluma. Mama Bisibisi akamkabidhi spana namba kumi na tatu na kipande cha msasa, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kukunja mikono, ili isije ikamponyoka ikaenda kusaidia. Hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote za asubuhi ile. Mwalimu alifungua bolti. Alisugua ncha ya kwanza, akaiinua juu aone kama imefika kwenye chuma, akasugua tena. Alisugua kama alivyokuwa akisahihisha madaftari, harukii mstari. Saa ilikwenda, mkewe akauma midomo. Alisugua na pale unapokaa, mpaka chuma kikawa cheupe ukubwa wa sarafu. Akarudisha. Akakaza.

"Washa," alisema Mama Bisibisi.

"Mimi?"

"Aliyetengeneza ndiye anayewasha."

Mwalimu akapanda na ovaroli yake fupi, akafuta mikono kifuani, akazungusha ufunguo. Ajuza hakusema "ta." Alikohoa mara moja, akatikisika mwili mzima, akawaka. Mshonaji akapiga vigelegele vilivyowatoa watu nyumba nne za jirani. Mwalimu alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili, kinywa wazi, na mkewe alipoingia upande wa pili alimkuta anasema peke yake, polepole, "Mimi ndiye niliyefanya hivyo."

"Ndiyo, tena toka kwenye usukani, wewe unaendesha kama mtu wa mazishi. Saa tatu na dakika arobaini na tano!"

Kulikuwa na sharti moja la gereji ambalo hawakulitimiza. Kwa Mama Bisibisi gari halikuhesabiwa limepona mpaka lizimwe na liwake tena. Siku hiyo hakuthubutu. Njia nzima aliendesha sikio likiwa kwenye injini, na kila taa nyekundu ya barabarani alikuwa akimbembeleza Ajuza kwa majina ambayo hata Mwalimu hakuwahi kuitwa. Mwalimu alikuwa na shati lake mapajani na kidoa cheusi puani, akitabasamu kwa kila gari lililowapita.

Binti alikuwa nje ya jengo la abiria, amekaa juu ya sanduku. Wenye teksi wawili walikuwa wakimsihi, naye anakataa kwa kichwa. Kabla hajaliona gari alilisikia. Mama Bisibisi aliona jinsi alivyoinua shingo ghafla, akitafuta, kisha akasimama na kuweka mkono mdomoni.

"Ajuza!" alipiga kelele mtu mzima wa miaka ishirini na saba. "Mama, umekuja na Ajuza!"

"Si nilisema?"

Walikumbatiana wote watatu katikati ya njia, ovaroli, gauni la machungwa na koti la ng'ambo, wakilia na kucheka na kupigiana kelele. Askari wa uwanja akaja na filimbi yake.

"Mama, hapa gari haliachwi likiunguruma. Zima injini."

Mama Bisibisi alimtazama kama aliyeambiwa azime jua. Lakini askari ni askari. Akaingiza mkono dirishani, akazima.

"Nani alimtengeneza?" aliuliza binti, akiona mikono ya baba yake. "Baba, hiyo ni rangi?"

"Muulize fundi," alisema Mama Bisibisi, akimsukuma Mwalimu mbele. "Leo mimi nilikuwa msaidizi."

Mwalimu akaanza kueleza habari ya mlango na dirisha, kwa urefu, kwa mikono, akipakia masanduku. La kwanza lilikuwa zito. La pili zito zaidi. La tatu alilinyanyua pamoja na mkewe. Mama Bisibisi aliliangalia sanduku la tatu lilivyoinamisha mgongo wa Ajuza, akamtazama binti yake. Wiki mbili. Masanduku matatu. Zile simu za Jumapili zilizogeuka kuwa za kila siku. Na binti, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa akipiga kelele za furaha, sasa alikuwa akiangalia viatu vyake.

Asubuhi moja haikumtosha kulisahau lile somo. Akafunga mlango wa nyuma, akamshika mkono, akamkalisha kwenye kiti cha dereva. Akachuchumaa mbele yake hapo hapo kwenye lami, gauni na yote.

"Mwanangu," alisema. "Kipi unachoona aibu kuniambia?"

Binti alijaribu kucheka. Kicheko hakikufika mbali.

"Kazi iliisha miezi mitano sasa," alisema. "Nilitafuta nyingine, sikupata. Nikachoka, mama. Mtaa mzima mmeuambia habari zangu, baba ameweka picha yangu sebuleni, ningewaambiaje? Tikiti ni ya kuja tu. Sirudi."

Mwalimu alikuwa amesimama kando ya gari. Aliyesema kwanza ni yeye. "Nilikuwa nimezungushia siku kumi na nne," alisema. "Kalamu nyekundu bado ina wino."

Mama Bisibisi aliusikia moyo wake ukifunguka kama nati iliyokwama miaka sita. Angeweza kusema mengi: kwamba chumba chake kilikuwa kinafagiliwa kila wiki tangu aondoke, kwamba picha ya sebuleni ilikuwa ya sura yake na si ya kazi yake, kwamba yeye mama, kwa ubinafsi wake wote, hajawahi kupewa habari tamu kiasi hicho. Angeyasema yote baadaye, njiani. Kwa sasa alitoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha binti, akakifunga.

"Miaka sita umekuwa ukiniambia nikuwashie Ajuza," alisema. "Leo washa mwenyewe."

Binti akaingiza ufunguo. Mwalimu akashika ubavu wa gari kama anayemshikilia mtu asianguke. Ukazungushwa, mara moja tu, na Ajuza akawaka.

Binti hakuondoa mkono kwenye ufunguo. Alikaa anasikiliza, macho yamefumbwa, machozi yanashuka na tabasamu limejaa uso. Askari alikuwa anarudi na filimbi yake, na Mama Bisibisi akamwendea kumzuia njiani, ili mtoto apate dakika moja zaidi.